Upepo na mwamba: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na watu wa Mombasa

Watu wakishajua kwamba unafuatilia habari za mawe, maswali hayakomi. Wanafunzi huja na ya mtihani wa Jiografia, mafundi huja na ya lipu inayobanduka, na wenye nyumba za Mji wa Kale huuliza kwa nini ukuta wa babu yao unamwaga unga kila asubuhi. Haya hapa ni yale yanayorudiwa zaidi, kuanzia mepesi. Swali lililojibiwa kwingine limeelekezwa kwa namba yake.

## Misingi

1. Upepo peke yake unaweza kula jiwe?

Karibu hauwezi. Hewa ni nyepesi mno. Mita moja ya ujazo ya hewa ina uzito wa kilo 1.2 hivi, ilhali maji ya ujazo huo huo ni kilo 1,000. Upepo safi ukipiga jiwe gumu kutwa kucha hauling'oi hata punje moja. Unachoweza ni kuchukua kile ambacho tayari kimelegea: vumbi, mchanga mkavu, unga wa jiwe lililooza.

Kazi yote hufanywa na mzigo uliomo ndani ya upepo. Jangwani mzigo huo ni mchanga. Mombasa mzigo mkubwa ni chumvi ya bahari pamoja na unyevu, na kwa sababu hiyo majibu mengi hapa chini yanaishia kwenye chumvi. Mtu anayelaumu upepo kwa ukuta wake hajakosea, ila akitaka kuuponya itabidi ajue upepo umemletea nini.

2. Kuna tofauti gani kati ya mwamba kuchakaa na mwamba kumomonyoka?

Mwamba huchakaa ukiwa pale pale ulipo. Jua, mvua, chumvi na mizizi huulegeza mpaka upoteze nguvu, lakini vipande bado vipo. Mmomonyoko huanza vipande hivyo vinapochukuliwa na maji, upepo au mawimbi na kupelekwa kwingine.

Upepo unashiriki katika yote mawili. Huleta chumvi inayolegeza jiwe, kisha huupeperusha unga uliotoka. Unga ukiondoka, uso mpya wa jiwe hubaki wazi na chumvi huanza nao.

3. Upepo hufanya kazi kwa njia ngapi?

Vitabu vya shule hutaja tatu. Ya kwanza ni kupeperusha, yaani kunyanyua na kuondoa chembe zilizolegea. Ya pili ni kusugua, pale mchanga unaobebwa unapogonga mwamba na kuukwangua. Ya tatu ni kusagana, chembe zenyewe zinapogongana njiani na kuwa ndogo na duara zaidi. Tatizo la orodha hii ni kwamba inamwacha mwanafunzi wa pwani bila chumvi, wakati hicho ndicho kisa anachoweza kukiona kwa macho yake akitoka nje ya darasa (swali la 9).

4. Mchanga husafiri vipi ndani ya upepo?

Inategemea ukubwa wa chembe. Vumbi, lenye chembe ndogo kuliko milimita 0.06 hivi, huelea. Likishapaa linaweza kuvuka bahari. Vumbi la bonde la Bodélé kule Chad huvuka Atlantiki na kufika Amerika Kusini.

Mchanga wenyewe ni mzito, hauelei. Huruka. Punje hunyanyuliwa kidogo, husukumwa mbele na upepo, kisha hushuka kwa mwinamo mdogo na kugonga ardhi. Pigo hilo huzirusha punje nyingine, nazo huruka hivyo hivyo. Sehemu kubwa ya mchanga unaohama, kama robo tatu, huhama kwa kuruka namna hii.

Zilizobaki ni punje kubwa zisizoweza kuruka. Hizi husukumwa chinichini na mapigo ya zile zinazoruka. Ralph Bagnold, mhandisi Mwingereza aliyechunguza jambo hili katika majangwa ya Misri na Libya miaka ya 1930, alionyesha kwamba punje moja inayoruka inaweza kuisogeza nyingine yenye kipenyo mara 6 ya chake, yaani yenye uzito unaozidi wake mara 200 na zaidi. Ukikaa ufuoni siku ya upepo mkali na miguu wazi, zinazokuchoma vifundoni ni hizi zinazoruka.

5. Upepo unahitaji kasi gani ili uanze kubeba mchanga?

Kwa mchanga laini na mkavu, kama mita 5 hadi 6 kwa sekunde, yaani karibu kilomita 20 kwa saa. Chini ya hapo mchanga hutulia. Ukishavuka kiwango hicho, mzigo huongezeka upesi kuliko kasi yenyewe: katika upepo mkali, kasi ikizidi mara mbili, mchanga unaobebwa huzidi karibu mara nane. Kwa hiyo siku chache za upepo mkali sana hufanya kazi kuliko miezi ya upepo wa kawaida.

Neno la kushika hapo ni *mkavu*. Maji kidogo tu kati ya punje huzishikanisha, na upepo ule ule hupita juu yake bila kuchukua chochote. Ufuo wetu hulowa mara mbili kwa siku maji yanapojaa, na Mombasa hupata zaidi ya milimita 1,000 za mvua kwa mwaka katika miaka mingi. Hata udongo ulio nyuma ya ufuo una nyasi na mizizi.

6. Kwa nini mwamba wa jangwani huliwa zaidi karibu na ardhi?

Kwa sababu mchanga unaoruka haufiki juu. Sehemu kubwa hubaki chini ya nusu mita, na ni kidogo sana kinachopita mita moja. Chini kabisa, usawa wa ardhi, punje ni nyingi lakini hazina kasi. Juu kasi ipo lakini punje ni chache. Pigo kali kwa hiyo huangukia kati, sentimita 10 hadi 40 hivi kutoka chini. Nguzo za mbao za simu zilizosimamishwa jangwani zilikuwa zikikatwa katika kimo hicho, na mafundi wakalazimika kuzivalisha bati au kuzizungushia mawe.

## Mwamba wa Mombasa na pepo zake

7. Kisiwa chetu kimesimama juu ya mwamba gani?

Matumbawe ya kale. Sehemu kubwa ya mwamba unaoonekana kisiwani na kando ya bahari kutoka Likoni hadi Nyali ilikuwa mwamba hai chini ya maji kama miaka 125,000 iliyopita, wakati bahari ilipokuwa juu kuliko leo kwa mita kadhaa. Bahari ikashuka, matumbawe yakabaki nchi kavu. Ukiangalia vizuri jiwe lililokatwa timboni utaona bado maumbo ya matumbawe, magamba ya kombe na vipande vya konokono.

Kwa swali letu mambo mawili ni muhimu. Kwanza, jiwe hili ni chokaa, na madini yake ni laini: kwenye kipimo cha ugumu cha Mohs yako karibu na 3, wakati punje ya kwatzi, ambayo ndiyo mchanga wa kawaida wa mito na majangwa, ni 7. Pili, lina matundu. Maji huingia ndani yake kwa urahisi, na yanaingia pamoja na chochote kilichoyeyuka ndani yake.

Ukielekea bara, jiwe hubadilika. Mawe bapa ya Mazeras yanayotandazwa kwenye baraza na njia za bustani ni ya mchanga ulioshikana, ya kale kuliko matumbawe kwa mamilioni mengi ya miaka. Majibu ya hapa chini kuhusu kuta yanahusu matumbawe.

8. Kusi na kaskazi, upi unaharibu zaidi?

Kusi huvuma kutoka kusini-mashariki, kuanzia Aprili hivi hadi Septemba au Oktoba. Hutoka baharini na kuingia pwani yetu moja kwa moja, na kati ya Juni na Agosti bahari huchafuka. Mawimbi yakivunjika kwenye mwamba wa nje, mapovu hupasuka na kurusha hewani matone madogo sana ya maji ya chumvi. Upepo huyabeba hadi kwenye kuta, miti, mabati na madirisha. Kwa kuleta chumvi, basi, kusi ndio mwenye nguvu.

Kaskazi hutoka kaskazini-mashariki, Desemba hadi Machi, na huja na ukavu wa Januari na Februari. Kuta hukauka, na chumvi iliyolala ndani yake huganda. Mtu huona unga na vibanzi vikianguka wakati wa kaskazi akadhani ndio upepo ulioleta madhara. Kwa maoni yangu pepo hizi mbili haziwezi kutenganishwa: mmoja hupakia, mwingine hukausha, na jiwe huumia katika kupishana kwao.

Mvua ya masika husaidia kidogo. Huosha kuta zilizo wazi. Tazama mwenyewe penye kivuli cha mvua, chini ya roshani, ndani ya miimo ya dirisha au nyuma ya nguzo ya baraza. Mara nyingi hapo ndipo jiwe limeliwa zaidi, kwa kuwa chumvi hufika na maji ya kuiosha hayafiki.

9. Chumvi inavunjaje jiwe?

Hili ndilo swali lenyewe, na linastahili jibu refu.

Lita moja ya maji ya bahari ina karibu gramu 35 za chumvi. Tone likiingia kwenye tundu la jiwe na maji yakakauka, chumvi haina pa kwenda. Huganda kuwa fuwele. Tone jingine huleta chumvi zaidi, na fuwele ile hukua mpaka iguse kuta za tundu, kisha huendelea kukua ikizisukuma. Jiwe la matumbawe linavumilia kubanwa vizuri sana, ndiyo maana likabeba nyumba za ghorofa kwa karne nyingi. Likisukumwa kutoka ndani halivumilii. Punje za juu huachana, moja moja, na kuwa unga.

Kinachoifanya Mombasa iwe mahali pabaya kwa jiwe lenye chumvi ni unyevu wa hewa. Chumvi ya kawaida hunyonya maji hewani na kuyeyuka yenyewe unyevu ukizidi asilimia 75 hivi, na ukishuka chini ya hapo huganda tena. Alfajiri hewa yetu mara nyingi iko juu ya kiwango hicho. Alasiri ya jua kali, hasa wakati wa kaskazi, hushuka chini yake. Kwa hiyo chumvi iliyo ndani ya ukuta inaweza kuyeyuka usiku na kuganda mchana bila tone jipya kuingia. Mji ulio mkavu siku zote, au wenye unyevu siku zote, haungepata mizunguko mingi namna hiyo.

Nenda kwenye ukuta mkongwe uliopoteza lipu, upande unaopigwa na upepo wa bahari, usugue kwa kidole. Vitatoka vitu viwili: punje za kijivu zenye ncha, ambazo ni jiwe, na unga mweupe laini unaong'aa kidogo juani. Onja ule mweupe kwa ncha ya ulimi. Ni chumvi. Kisha tazama usawa wa kiuno: mara nyingi kuna mstari wenye rangi iliyokoza, na juu yake kidogo ndipo jiwe limechimbika. Mstari huo ni mwisho wa unyevu unaopanda kutoka ardhini, ambao nao hubeba chumvi (swali la 12).

10. Vile vishimo vingi vilivyokaribiana kwenye jiwe vimetokana na nini?

Ni chumvi na upepo vikifanya kazi pamoja, na jiwe hubaki kama sega la nyuki. Tundu likishaanza, chumvi hukusanyika ndani yake kwa kuwa kuna kivuli na unyevu hukaa, na upepo unaozunguka mdomoni hukausha na kutoa unga. Shimo huzama zaidi huku kingo zake zikibaki, maana zenyewe hukauka haraka na kuoshwa na mvua. Alama za namna hii zinaonekana kwenye mawe ya pwani dunia nzima, hata ya aina ngumu.

Usiyachanganye na matundu ya asili ya matumbawe. Ya asili huwa na mpangilio wa mnyama aliyekuwamo, na kuta zake ni laini. Yaliyoliwa na chumvi yana unga ndani.

11. Magenge ya Lighthouse, pale Mama Ngina, yameliwa chini na kubaki na paji juu. Huo ni upepo?

Hapana, hayo ni maji na viumbe wa baharini. Umbo linafanana na lile la mwamba wa jangwani (swali la 6), na kila mwaka mwanafunzi mmoja au wawili hulitaja kama mfano wa upepo. Mkato huu uko katika kimo cha maji yanapojaa na kupwa, na wakati wa bamvua tofauti ya maji hapa hufika zaidi ya mita 3. Mawimbi hupiga, maji huyeyusha chokaa, na konokono wadogo na viumbe wengine hukwangua mwani pamoja na jiwe lililo chini yake, huku wengine wakitoboa ndani. Kwenye pwani nyingi za joto zenye mwamba wa chokaa, mkato kama huu hurudi nyuma karibu milimita 1 kwa mwaka.

Upepo una kazi yake pale, lakini ni juu, kwenye paji. Uso ule mkali wenye ncha zinazokata viatu umeliwa na rasharasha za chumvi na maji ya mvua. Paji likikosa mhimili huvunjika kwa pande kubwa na kuanguka baharini. Kwa hiyo msisimame ukingoni kabisa kupiga picha, na watoto washikwe mkono.

12. Na Fort Jesus, inaliwa na upepo?

Ngome ilijengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596, kwa ramani ya Giovanni Battista Cairati, na tangu 2011 imo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Sehemu ya chini ni mwamba wenyewe uliochongwa, na juu yake kuta za mawe ya matumbawe na chokaa.

Hatari kubwa imekuwa mawimbi yanayochimba msingi upande wa bahari, na miaka ya karibuni ukajengwa ukuta wa kukinga. Juu ya hapo ni kazi ya chumvi, kama ilivyoelezwa katika swali la 9.

Kwa nyumba za Mji wa Kale zilizo nyuma yake kuna jambo la kuongeza. Maji ya mlango wa Tudor ni matulivu kuliko ya Nyali, kwa hiyo rasharasha ni chache. Chumvi nyingi katika kuta hizo hupanda kutoka chini, kwa unyevu wa ardhi, na pia kutoka vyoo na mashimo ya maji machafu ya zamani. Mwenye nyumba akikinga upande wa upepo tu atakuwa amefanya nusu ya kazi.

13. Je, mchanga wa Nyali na Bamburi hausugui mwamba wetu?

Husugua kidogo sana. Mchanga mweupe wa fuo zetu kwa sehemu kubwa ni matumbawe na magamba yaliyosagika, laini sawa na mwamba wenyewe, na ufuo wetu mara nyingi uko mbichi (swali la 5). Utaona vioo vya hoteli na rangi za milango ya ufuoni vimefifia, lakini kwa jiwe chumvi imetangulia mbali.

## Nyumba na kuta

14. Unga mweupe unaotoka ukutani ni nini, na niuondoe vipi?

Ni shura, yaani chumvi iliyofika usoni na kuganda. Ikiganda nje ya jiwe haina madhara makubwa, inachafua tu. Inayoumiza ni ile inayoganda milimita chache ndani.

Ifagie ikiwa kavu, kwa brashi laini, na uikusanye uitupe mbali. Usimwage ndoo ya maji ukutani. Maji huiyeyusha chumvi na kuirudisha ndani, na wiki ijayo itatoka tena. Ukuta wenye chumvi nyingi hutibiwa kwa bandiko: udongo laini au karatasi iliyolowekwa maji baridi yasiyo na chumvi hubandikwa ukutani, huachwa likauke polepole likivuta chumvi, kisha hubanduliwa na kutupwa. Hurudiwa mara kadhaa. Kabla ya yote tafuta unyevu unatoka wapi, bomba au paa au ardhi, uuzibe, maana bila hivyo utafagia maisha yako yote.

15. Fundi anataka kupiga lipu ya simiti juu ya ukuta wa matumbawe. Nikubali?

Usikubali. Hili nalisema kwa uzito wote, kwa kuwa ndilo kosa linaloharibu nyumba nyingi za kale kuliko upepo wenyewe.

Simiti ni ngumu na haipitishi unyevu vizuri. Maji yaliyo ukutani hushindwa kutoka, chumvi huganda nyuma ya lipu, na jiwe huoza pale usipoona. Miaka michache baadaye lipu hulia uwazi ukiigonga, halafu hubanduka pande kwa pande ikiwa imeshika uso wa jiwe mgongoni. Palipozibwa kwa simiti kati ya mawe utaona kinyume cha kawaida: simiti imebaki imetokeza, mawe yamerudi ndani.

Lipu ya chokaa na mchanga msafi, kwa kawaida kipimo kimoja cha chokaa kwa vitatu vya mchanga, huacha ukuta upumue. Chumvi hutokea kwenye lipu na kuila lipu, na hiyo ndiyo kazi yake. Lipu hupigwa upya, jiwe hubaki. Wazee waliochoma matumbawe kwenye matanuri ya chokaa na kupaka kuta zao mara kwa mara walifanya hivyo kwa karne nyingi, na nyumba zao zimesimama. Fundi akisema chokaa kinachelewa kukauka anasema kweli. Kinahitaji muda, na kinahitaji kulowanishwa na kukingwa jua siku za mwanzo.

16. Naweza kujengea mchanga wa baharini?

Huo ni kujijengea chumvi ndani ya ukuta tangu siku ya kwanza. Kwenye zege yenye nondo ni hatari zaidi: chumvi huozesha chuma, kutu huvimba na zege hupasuka. Tumia mchanga wa mtoni au wa timboni. Tena, kuchukua mchanga ufuoni kunawaachia mawimbi njia.

17. Nyumba iwe mbali kiasi gani na bahari ndipo iwe salama?

Matone makubwa huanguka ndani ya mita mia chache za kwanza, na chumvi hupungua haraka baada ya hapo. Lakini umbali hautoshi kujibu. Nyumba iliyo ghorofani, juu kuliko miti, ikitazama kusini-mashariki kwenye ufuo wenye mawimbi, hupokea chumvi kuliko ile iliyo karibu zaidi nyuma ya msitu wa mikoko. Angalia mabati na vyuma vya madirisha vya majirani. Vikioza upesi, ukuta wako nao unakula chumvi.

18. Miti husaidia?

Sana. Mvinje huvumilia chumvi na majani yake membamba huchuja matone na kupunguza kasi ya upepo. Ndio mti uliopandwa kuanzia 1971 kwenye matimbo yaliyoachwa ya Bamburi, mahali palipokuwa mwamba mtupu wa matumbawe, na leo ni msitu. Kwa nyumba, safu mbili za miti zilizoachana ni bora kuliko ukuta mrefu mzima, maana upepo ukigonga ukuta huruka juu na kushuka nyuma yake kwa kishindo.

## Nje ya mji

19. Korongo la Marafa limechongwa na upepo?

Kidogo. Marafa, ambako wenyeji hupaita Nyari, ni mchanga ulioshikana kwa udongo, dhaifu sana, wa rangi nyekundu, machungwa na nyeupe. Mchongaji mkuu ni mvua: kila masika maji huteremka na kukata mifereji. Upepo huja wakati wa ukavu, huchukua unga uliolegea na kulainisha kingo. Wazee husimulia kwamba hapo palikuwa na matajiri waliooga maziwa huku majirani wakikosa, ardhi ikawameza.

20. Je, pwani yetu ina mahali ambapo upepo umejenga badala ya kubomoa?

Ndiyo, na ni pazuri. Kaskazini ya Malindi, Mambrui, kuna vilima vya mchanga ulioletwa na mto Sabaki kutoka bara, ukatupwa na mawimbi ufuoni, kisha ukapandishwa na upepo. Mchanga wa huko una kwatzi nyingi na humeta, tofauti na mweupe wetu. Vilima vya Shela kule Lamu ni muhimu zaidi kwa maisha ya watu: mvua huzama ndani yake na kubaki kuwa maji matamu yanayonywewa na mji. Kujenga juu yake ni kujichafulia kisima.

Na Kwale, mchanga mwekundu uliochimbwa titani tangu 2013 hadi mwisho wa 2024 ni vilima vya upepo vya zamani sana. Madini mazito yalibaki ndani yake.

21. Nikitaka kuona kazi ya upepo wa jangwani bila kutoka Kenya niende wapi?

Chalbi, kati ya Marsabit na Ziwa Turkana. Ni kitanda cha ziwa lililokauka, chenye ganda la chumvi na vumbi jingi. Upepo wa huko hubanwa kati ya nyanda za juu za Ethiopia na za Kenya, ukatoka na kasi kubwa karibu mwaka mzima. Ndio unaozungusha mitambo 365 ya umeme karibu na Loiyangalani.

## Maswali ya ukingoni

22. Mawe yenye umbo la uyoga jangwani yamechongwa na mchanga tu?

Jibu la shule ni ndiyo, kwa sababu za swali la 6. Jibu kamili lina zaidi. Karibu na ardhi umande na chumvi hukaa muda mrefu, hulegeza jiwe la chini, kisha mchanga humalizia. Na mara nyingi tabaka la juu ni gumu kuliko la chini tangu mwanzo. Katika Jangwa Jeupe la Misri, karibu na Farafra, mawe haya ni ya chokaa laini.

23. Upepo unaweza kuchimba bonde zima?

Unaweza, mradi kitu kingine kilegeze mwamba na pawe pakavu vya kutosha. Bonde la Qattara huko Misri limeshuka mita 133 chini ya usawa wa bahari, na maelezo yanayokubalika ni kwamba chumvi ilikuwa ikivunja mwamba na upepo ukibeba unga. Ulipofika karibu na maji ya ardhini ulikoma, kwa kuwa mchanga mbichi hauchukuliki.

24. Kwenye sayari ya Mirihi hakuna mvua wala bahari. Upepo wa huko huula mwamba?

Huula, ingawa hewa yake ni nyembamba, haifiki hata asilimia 2 ya uzito wa yetu. Ili kurusha punje, upepo unahitaji kasi kubwa zaidi. Lakini kwa mabilioni ya miaka hakujawa na mvua wala mimea ya kuuzuia, na kuna matuta marefu ya mwamba yaliyochongwa kufuata upepo.

25. Naweza kuijaribu kazi ya chumvi nyumbani?

Unaweza, na darasa lolote la Mombasa lingefaa kuijaribu. Chukua vipande viwili vya jiwe la matumbawe kutoka timbo moja, vikavu, uvipime kwa mizani ya jikoni. Kimoja kiloweke kwenye maji ya bomba, kingine kwenye maji ya chumvi iliyokolea. Baada ya saa chache vitoe, viweke juani hadi vikauke kabisa, kisha rudia. Usitarajie kitu siku za mwanzo, chumvi ya mezani ni mpole na inataka mizunguko mingi.

Watu wengi hukata tamaa kwa sababu jiwe la chumvi huzidi uzito badala ya kupungua. Hiyo ni chumvi iliyoingia ndani. Mwisho wa jaribio vioshe vipande vyote viwili kwa kuviloweka kwenye maji matamu, ukibadilisha maji mara kadhaa mpaka yasiwe na ladha, vikaushe, ndipo upime. Kusanya pia unga uliobaki kwenye vyombo, uuoshe na uupime peke yake, ujue kila jiwe limemwaga kiasi gani.